Neno 'Freshi', kwa Mwanangu Ambaye Hakulia

Mwanangu mpendwa,

Kesho kipindi cha kwanza nitaingia Kidato cha Pili kufundisha neno moja la Kiingereza, 'fresh'. Lipo kwenye mada ya soko na vyakula, ukurasa wenye picha ya mwanamke aliyebeba kapu la nyanya. Mwaka jana nililifundisha ukiwa ndani yangu, na kila nilipoinua mkono kuandika juu ya ubao ulinipiga teke la ubavuni. Nimekaa hapa tangu nilipotoka kuchota maji, nikitakiwa kuandika andalio la somo, na badala yake nakuandikia wewe. Najua hujui kusoma. Mimi ni mwalimu, nimezoea kuwaandikia watu wasiosoma.

Nianze kwa kukueleza ulikuwa wapi, maana uliondoka bila kuona kitu. Mimi na baba yako tunaishi kwenye mji mdogo wa machimbo mkoani Geita, chumba na sebule, bati linalopiga kelele hata kunguru akitua. Hukuuona mji huu ila uliusikia wote. Ulisikia karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zinazonguruma kuanzia asubuhi. Wageni huwa zinawaumiza kichwa. Wewe ulizizoea mpaka umeme ulipokatika na karasha zikanyamaza, ndipo uliposhtuka na kugeuka upande mzima, nami nikashika meza ya walimu kama mtu aliyeteleza.

Neno hilo la kesho ulilisikia pia, tena kuliko neno lingine lolote. Hapa tumeshalichukua likawa la kwetu, tunaliita freshi. Muuza maziwa wetu, Masalu, hupita na baiskeli yenye madumu mawili akitangaza, "Freshi! Freshi na mgando!" Wanawake wa samaki wanaapa kwamba sato wao ni freshi, na ukimkazia macho mmoja wao anafungua shavu la samaki akuonyeshe wekundu. Fundi simu akimaliza kubandika kioo anasema iko freshi. Na kwenye salamu ndiyo usiseme. Mambo? Freshi. Nilishamsikia kijana aliyekuwa anatetemeka kwa malaria, amejifunika blanketi juani, akiulizwa mambo akajibu freshi tu. Nilicheka siku hiyo. Niliona ni uvivu wa lugha, na nikawaambia wanafunzi wangu kwamba mtu anayejibu neno moja kwa kila kitu hajajibu kitu.

Sasa baba yako. Anaitwa Shija. Yuko kwenye machimbo lakini hachimbi, anakaa juu ya duara, yaani lile shimo refu la kushuka chini kuufuata mwamba, na kazi yake ni mashine ya hewa. Mashine inapuliza, mpira mrefu unapeleka hewa mpaka walipo wachimbaji, naye anahakikisha haizimi. Maneno ya mtu wa chini hayafiki juu vizuri, kwa hiyo wamening'iniza kamba, na kichwani mwa kamba wamefunga kopo la maziwa ya unga lenye changarawe ndani. Kila baada ya muda Shija anainama kwenye mdomo wa duara na kuita, "Freshi?" Anaiuliza hewa na anamuuliza mtu, yote kwa pamoja. Wa chini anavuta kamba, kopo linalia, na Shija anarudi kwenye chai yake.

"Na kopo lisipolia?" nilimuuliza mwaka tuliooana.

"Naita tena."

"Na likikataa tena?"

Alikuwa anakula ugali. Akarudisha tonge kwenye sahani. "Hapo freshi naiacha. Naita jina. La kwake na la baba yake. Mtu akichoka anaweza kupuuza swali, ila jina lake hapuuzi."

Ulipoanza kucheza tumboni alihamishia kazi nyumbani. Alikuwa akirudi na vumbi lake lote, kabla hata ya kuoga, anapiga magoti kwenye mkeka, anaweka mdomo karibu na kitovu changu na kuita kwa sauti ileile ya kazini. "Freshi?" Mpangaji mwenzetu akagonga ukuta. Ukapiga teke.

"Kopo limelia," akasema, akachukua ndoo akaenda bafuni.

Tulifanya hivyo kila siku, na sikumbuki siku uliyomnyima jibu. Ulikuwa mchangamfu kwake kuliko kwangu. Kwangu ulikuwa wa kunikanyaga tu kibofu nikiwa katikati ya kusahihisha madaftari, lakini yeye akiita mara moja, tayari. Nilikuonea wivu kidogo, au nilimwonea yeye, sina hakika. Ndizo kumbukumbu nilizo nazo na wewe, mwanangu, na zote ni za mtu kuita na mtu kujibu.

Jina hatukukupa. Kwa watu wetu mtoto haitwi kabla hajalia, na nguo hazinunuliwi, na hata beseni la kuogea nililinunua nikisema ni la kufulia. Nilikubali kirahisi kwa sababu mwalimu naye ana kwao. Wanawake wa sokoni ndio walionipa mimi jina. Nilikuwa Mwalimu kwa kila mtu, maana hapa mwanamke mtu mzima huitwa kwa mtoto wake, na asiye na mtoto huitwa kwa kazi yake au kwa mume. Tumbo lilipotokeza wakaanza, "Karibu nyanya, Mama Kijacho." Masalu akaanza kuniongezea maziwa juu ya kipimo, anasema hiyo ni ya kijacho. Nilikuwa najifanya sijali. Nilikuwa nachukua njia ndefu ya kupita sokoni ili niitwe.

Sasa lile somo la mwaka jana. Niliandika 'fresh' ubaoni nikawauliza wanalijua wapi, na darasa zima likapaza sauti, maziwa, samaki, nyama, mambo. Tukaanza kuzunguka nalo. Niliwaambia 'fresh water' ni maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo ziwa letu lote ni 'fresh' hata likiwa na tope, wakakataa katakata, wakasema Wazungu hawajayanywa. Niliwaambia Wamarekani wakimwita mtoto 'fresh' wana maana hana adabu, anajibizana na wakubwa. Hilo walilipenda, wiki nzima walitukanana nalo. Tukaja kwenye nyayo, kwa sababu nusu ya darasa ni watoto wa wafugaji na wanajua kuangalia unyayo wa ng'ombe aliyepotea na kusema kama ni wa leo au wa jana. Tukaja kwenye rangi ya ukuta ambayo haijakauka, na kidonda, na kijana aliyetoka chuoni juzi.

Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma, Nyamizi, akanyoosha mkono. "Madamu, nyama freshi si ng'ombe ameshakufa?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikafurahi, mwalimu anaishi kwa maswali kama hayo. Nikamjibu nikiwa nimekushika kwa mkono mmoja chini ya tumbo, "Neno hili haliulizi kama kitu kiko hai, Nyamizi. Linauliza muda. Kitu ni 'fresh' kwa sababu muda haujakipita." Akaandika. Wote wakaandika. Nilifuta ubao nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Mama yangu mzazi alifariki zamani, hivyo likizo ya uzazi ilipofika nikaenda kujifungulia kwa mama yake Shija, kijijini, mbele ya Mhunze kule Kishapu. Kule ni nchi ya pamba na ng'ombe, kavu, upepo unakuja na mchanga wake. Huyu ni bibi yako, Mama Shija. Ni mwanamke mrefu, hacheki ovyo, anaongea Kiswahili akipima kila neno kama anayeogopa kulivunja. Asubuhi namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha ananisubiri nimwamkie tena kwa Kisukuma, nimwite mama kwa lugha yake. "Mwangaluka, mayu." Hapo ndipo anaona nimemsalimu. Alinikataza kuinama juani, alinikataza kubeba ndoo, alinikalisha kivulini nikimkodolea macho tu akifanya kazi.

Baba yako alibaki kwenye mashine. Jioni alikuwa anapiga simu, naweka sauti kubwa na kuishikilia simu tumboni. "Freshi?" Unapiga. Mama Shija alikuwa anatikisa kichwa kuona mwanawe mtu mzima anaongea na kitovu kwa simu, lakini muda wa simu ukikaribia alikuwa anasogeza kigoda chake karibu.

Siku ile mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Shija alipiga mchana kwa sababu kazini walikuwa wamesimama, mafuta ya mashine yamechelewa. Akaita. Sikusikia kitu. Akaita tena, nikamwambia umelala. Mama Shija akasema mtoto akikaribia kutoka hutulia, anajiandaa. Nilikula, nikalala ubavu wa kushoto, nikanywa maji ya baridi kama tulivyofundishwa kliniki. Kisha nikasimama nikasema naomba twende hospitali. Hakuna aliyebisha. Bibi yako alichukua kitenge kipya kutoka sandukuni bila kuniambia cha nini.

Hospitalini walinipokea vizuri. Nakuandikia hili kwa sababu watu wanapenda kuniuliza nani alikosea. Nesi alikuwa binti mdogo mwenye mikono ya moto, akaniwekea kile kipembe cha kusikilizia, akakihamisha, akakihamisha tena, akaita mwenzake. Wakaleta mashine. Shija akapiga. Nikaiweka simu juu ya tumbo kwenye yale mafuta ya baridi waliyonipaka, na chumba kizima kikamsikia. "Freshi?" Mvua ilikuwa inapiga bati. "Freshi? Wewe. Freshi?" Aliendelea hivyohivyo, hakuwa na neno lingine la kuita. Nesi ndiye aliyeichukua simu kwa upole na kuizima.

Nilikuzaa kabla giza halijaingia. Kamba ya kitovu ilikuwa imekuzunguka shingoni, mara mbili, daktari akasema hutokea bila mtu kujua na bila mtu kufanya kosa. Uliniacha uchungu wote nikaumaliza, ukatoka, na chumba kikabaki na sauti ya mvua tu. Zamu ilikuwa inabadilishwa. Nesi mpya akaingia akauliza habari za mtoto kwa sauti ya kazi, na yule binti akamjibu naye kwa sauti ya kazi:

"Freshi. Wa kike."

Nililisikia na akili yangu ya kufundisha ikasimama wima kitandani. Binti akaniona nilivyomwangalia. Akaja akakaa pembeni ya godoro. "Mwalimu, ni lugha yetu tu ya hapa. Maana yake alikuwepo mpaka karibu sana. Hakukaa muda tumboni baada ya kuondoka. Ngozi yake nzuri kabisa." Nilimwambia naijua maana yake. Nikamwambia linauliza muda. Akanishika mkono akidhani nimechanganyikiwa.

Mama Shija alikuwa amekukunja kwenye kile kitenge, cha bluu chenye majani ya njano. Nilikuona sikio moja na nywele. Nywele nyingi, zimelowa, zimelala upande. Nilitaka kufunua zaidi, akaniwekea mkono juu ya mkono wangu. "Usimtazame sana. Na usilie, mayu. Ukimlilia huyu tumbo linafunga." Hakulisema kwa ukali. Ndivyo alivyoambiwa yeye na aliyemtangulia. Mtoto asiyelia haliliwi, hana matanga, hana jina. Wanawake wazee humlaza wenyewe, karibu na nyumba, na mama yake haonyeshwi mahali, asije akauacha moyo wake pale akashindwa kuendelea. Nikatii. Sikulia. Tatizo ni kwamba niliposema nitalia baadaye, baadaye ilikuja na kilio hakikuja nayo.

Nilikaa kwake mpaka nikapata nguvu. Maziwa yalikuja, hakuna aliyeyaambia. Alinifunga kanga kifuani akakaza fundo mgongoni, kila asubuhi, bila neno, na kanga ikilowa anaileta nyingine. Shija alikuja, akakaa na wanaume nje, akaulizwa habari za machimbo. Akawajibu habari za machimbo. Baadaye alinikuta nimekaa kitandani akasema, "Nilikosa jina. Nilikuwa naita swali tu." Kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Hakuna ng'ombe aliyekuwa na shida.

Nikarudi Geita na kazini. Mambo, madamu? Freshi. Walimu wenzangu walikuwa wazuri, walichanga, walikuja, walikaa. Mmoja akanishika bega akasema wewe bado kijana, mtaanza upya. Hata hilo limo kwenye neno lile, Waingereza wana 'fresh start', nililifundisha na lenyewe. Sikumchukia. Sikumpenda. Ganzi niliyo nayo ni ile unayoipata ukilalia mkono, unauona upo, unaubeba kwenda nao kila mahali, ila ukiuminya ni wa mtu mwingine. Nafundisha vizuri. Nakula. Ninacheka mahali pa kucheka, na nikishacheka naangalia kama kuna mtu amegundua kwamba sikuwepo.

Sokoni wakarudi kuniita Mwalimu. Walifanya kwa heshima, walikuwa wananiepusha na aibu, nami nikanunua nyanya zangu na kurudi kwa njia fupi. Masalu peke yake alijichanganya. Siku ya kwanza alipima kipimo changu, akainua kikombe cha nyongeza kama alivyozoea, akakumbuka, mkono ukabaki hewani. "Mambo, Mwalimu?" akauliza akiwa bado amekishika. Nikasema freshi. Akamimina ile nyongeza kwenye sufuria yangu polepole, akapanda baiskeli akaondoka bila kutangaza, mpaka nyumba ya tatu. Anamimina mpaka leo. Hatujawahi kuliongelea.

Na baba yako aliliacha lile neno. Sikuambiwa na yeye, niliambiwa na mwenzake aliyepita kunywa maji. Alirudi kazini siku ya kwanza akainama kwenye duara akaita, "Mpo?" Wa chini hawakuvuta kamba, walidhani ni mtu mwingine anaongea na mwingine. Wakaja juu kumlalamikia kwamba amewatia hofu. Akawaambia kuanzia leo ni mpo. Wamezoea. Nyumbani anarudi, anaoga kwanza, anakula, ananiuliza mitihani inaendaje. Ule mkeka nimeuviringisha nikauweka juu ya kabati.

Likizo ya Juni, yaani mwezi uliopita, ndiyo iliyonifanya niandike. Tulikwenda wote wawili. Ilikuwa pamba inachumwa, uwanja wa bibi yako umejaa vilima vyeupe, na yeye amekaa katikati akitoa takataka na majani makavu, pamba safi huku, chafu kule. Nikamwamkia mara zote mbili. Nikakaa nikamsaidia. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba nitauliza, na nilipokaa pale nikashindwa kuufungua mdomo. Si uoga wa kufokewa. Niliogopa atanionyesha, nisimame pale mahali, na nisisikie kitu.

Aliyeuliza ni Shija. Alikuwa amesimama na gunia mkononi. "Mama. Tuonyeshe alipolala."

Mama Shija hakuinua macho. "Wanaume hawaendi huko. Na mama yake haendi."

"Najua."

"Hajalia yule."

"Najua, mama. Alikuwa ananijibu lakini."

Akaendelea kuchambua. Nilimwona akitia pamba chafu kwenye safi, akaiona, akaitoa. Hakuwa mtu wa kukosea hapo. Kisha akajishika magoti akasimama, akakung'uta kitenge, akazunguka nyumba, sisi nyuma yake.

Ni nyuma ya jiko, mwanangu, chini ya mchirizi, pale maji ya bati yanapoangukia mvua ikinyesha. Hata Juni ile udongo wa pale ulikuwa mweusi na laini kuliko wa uwanjani, kwa sababu amehamishia mtungi wake wa maji hapo na kila akichota unadondosha. Kuna jiwe bapa. Hakuna kingine. Kuku alikuwa amejilaza pembeni, bibi yako akamfukuza kwa mguu.

Shija akachuchumaa. Nilijua mkao ule, ni wa mdomo wa duara. Nikangoja aite na mwili wangu wote ukakataa, nikataka kumziba mdomo. Akaufungua, akaufunga. Akageuza shingo kwa mama yake.

"Anaitwa nani?"

Swali la bure hilo, kwa desturi yao na yetu. Mimi nilikuwa naangalia miguu ya bibi yako, ina nyufa na vumbi la pamba.

"Kabula," akasema.

Ndilo jina la Kisukuma la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha.

"Nani alimpa?" Shija akauliza.

"Mimi nilimpa. Mvua ilikuwa inanyesha, nimemshika, shimo limeshachimbwa. Ningemlazaje mtu bila kumwita?" Sasa alikuwa anaongea haraka, hakupima neno. "Wale wenzangu walisema nyamaza, mimi nikamwambia sikioni. Kabula, lala. Hivyo tu. Sikuwaambia ninyi kwa sababu haitakiwi."

Baba yako akarudi kwenye jiwe. Akaweka viganja viwili juu ya udongo, akavuta hewa, akaita kwa sauti ya kazini, ile ya kushuka mbali.

"Kabula Shija."

Mara moja tu. Kisha akangoja, kama anavyongoja siku zote. Mtungi ulidondosha. Sikulia, mwanangu, sitakudanganya kwenye barua. Nilisimama pale na mkono wangu wa ganzi. Lakini nilikuwa nangoja na yeye, na tangu ile siku ya mvua hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi na baba yako kungoja kitu kimoja.

Jua lilikuwa limefika utosini. Bibi yako alichota maji kwenye kata, akanawa mikono, akamwagia yaliyobaki pale kwenye udongo kama anavyofanya nadhani kila siku. Akaanza kurudi uwanjani kwenye pamba yake. Alipofika kwenye kona ya jiko akageuka, akaona bado nimesimama.

"Mama Kabula," akaita, "toka juani."

Nikaitika, "Abee."

Ilitoka yenyewe, kabla sijafikiri.

Basi ninakuacha hapa, Kabula, karasha zimeshazimwa na sijaandika hata mstari mmoja wa andalio. Kesho nitawapa maziwa, samaki, nyayo, maji ya ziwa, na wale watovu wa adabu wa Marekani. Lile la hospitali sitaliandika ubaoni, hilo ni letu. Na baada ya vipindi nitapita sokoni, kwa njia ndefu, nikawaambie wale wanawake ninaitwa nani. Lala ulipolazwa. Baba yako anajua sasa jinsi ya kukuita.

Mimi mama yako,

Mama Kabula